Sarafu Ngapi, Shilingi Ngapi?

Swali lenyewe ni fupi. Mfuko una sarafu za shilingi 5, 10 na 20 kwa uwiano wa 4:3:2. Pesa zote zilizomo ni Sh450. Kuna sarafu ngapi za kila aina? Swali la namna hii likifika nyumbani kutoka shuleni, iwe Kawangware au Lavington, mara nyingi huzaa majibu mawili. Mtoto anapata 40, 15 na 5. Mzazi anapata 20, 15 na 10. Wakijumlisha, kila mmoja anafikia Sh450 kamili, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyepotea. Swali linatupwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na ubishi unazidi badala ya kupungua.

Jibu sahihi ni 20, 15 na 10. Hata hivyo kosa la mtoto halitokani na uzembe wala kutojua kugawanya. Alijumlisha 4, 3 na 2 akapata 9, akagawa 450 kwa 9 akapata 50, kisha akazidisha: Sh200, Sh150, Sh100. Mwisho akazigeuza pesa hizo kuwa sarafu. Hesabu yake haina doa. Kilichompoteza ni kwamba aligawa shilingi ilhali uwiano uliotajwa ulikuwa wa sarafu.

Ubishi unaofuata aghalabu huwa juu ya njia. Wapo wanaoulaumu mtaala mpya, wapo wanaoitetea x waliyofundishwa enzi zao, na wapo wanaotaka fomula moja ya kukariri. Lakini njia zote zinazofundishwa humfikisha mwanafunzi kwenye jibu akizitumia vyema. Kinachozitofautisha ni kimoja: kama zinamlazimisha aseme anahesabu nini kabla hajaanza kuhesabu. Kwa kipimo hicho, njia zinazodharauliwa kuwa za kitoto zina nguvu kuliko tunavyokiri.

Mkanganyiko unatoka wapi

Chanzo cha kwanza kimo ndani ya sarafu yenyewe. Ukigawa maembe kwa uwiano, embe ni embe. Sarafu hubeba hesabu mbili kwa pamoja: ni kitu kimoja mkononi, na ni shilingi 5 au 20 dukani. Kwa hiyo kila mfuko wa sarafu mchanganyiko una uwiano aina mbili. Katika mfuko wetu idadi ni 4:3:2. Zidisha kila nambari kwa thamani ya sarafu yake, upate 20:30:40, yaani 2:3:4. Mpangilio umepinduka. Kundi lenye sarafu nyingi zaidi ndilo lenye pesa kidogo zaidi, na anayesoma swali haraka haoni mapinduko hayo kwa sababu nambari ni zilezile tatu.

Kinyume chake pia kipo. Mwenye kibanda akitaka chenji ya Sh100 kwa kila aina ya sarafu hizo tatu, atapewa sarafu 20, 10 na 5. Thamani ni sawa kwa sawa, idadi ni 4:2:1. Sarafu ikiwa kubwa, idadi yake hupungua. Mfanyabiashara wa Soko la Kangemi hahitaji kufundishwa hilo. Mtoto aliyeketi mbele ya daftari anahitaji.

Chanzo cha pili ni kwamba sarafu zenyewe zinazidi kuwa ngeni machoni pa watoto wa mjini. Benki Kuu ya Kenya ilizindua toleo la sasa Desemba 2018: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20, baada ya Katiba ya 2010 kukataza picha ya mtu binafsi kwenye pesa ya nchi. Senti 50 haikuwemo katika toleo hilo. Lakini M-Pesa ilikuwa imeshaanza tangu 2007, na katika nyumba nyingi za Kilimani na Westlands mtoto anaijua pesa kama nambari kwenye skrini. Kwake Sh450 ni salio. Haina vipande, haina uzito, na haiwezi kuwa sarafu 45 kwa mtu mmoja na sarafu 60 kwa mwingine.

Chanzo cha tatu ni mpangilio wa masomo. Katika silabasi ya Kidato cha Kwanza ya mfumo wa 8-4-4, uwiano ulifundishwa katika mada moja, na ubadilishaji wa fedha za kigeni ukawekwa katika nyingine, ile ya hesabu za biashara. Mwanafunzi alijifunza kugawa kwa uwiano bila pesa zenye sura tofauti, kisha akajifunza pesa bila kukumbushwa kwamba kiwango cha kubadilisha ni uwiano. Wazazi waliopitia mfumo huo walipimwa kwa mtihani wa KCPE, maswali 50 ya kuchagua jibu katika hisabati, ambao ulifanywa mara ya mwisho 2023. Kasi ndiyo iliyolipa. Sasa wanawasaidia watoto walio katika mtaala wa umilisi, unaotaka maelezo ya jinsi jibu lilivyopatikana, na mara nyingi wanachoweza kuwapa ni njia ya mkato.

Kuna pia suala la lugha. Kuanzia Gredi ya Nne somo la hisabati ni kwa Kiingereza, ilhali pesa za mtaani huhesabiwa kwa Kiswahili na Sheng. Mtoto wa Kawangware anayejua papo hapo kwamba mbao mbili na ashu mbili ni sitini anaweza kukwama kabisa akilikuta jambo hilohilo limevalishwa sentensi tatu za kitabu. Pengo hili si la Nairobi pekee. Mwaka 1985, watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Wakiwa kwenye biashara zao watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu za aina hiyo kwa karatasi, zile zenye hadithi ndani yake walipata asilimia 74, na zile za tarakimu tupu asilimia 37. Watoto waliochunguzwa walikuwa watano tu, kwa hiyo tusiyatumie matokeo hayo kana kwamba ni sensa. Ila yanatuonya tusiseme mtoto hajui hesabu kabla ya kuangalia tumemwuliza vipi.

Njia zinazoshindana

Njia ya kwanza ni ya fungu. Chukua sarafu kama uwiano unavyosema: nne za shilingi 5, tatu za 10, mbili za 20. Hilo ni fungu moja. Lina sarafu 9 na thamani yake ni Sh90. Sasa jiulize Sh450 ina mafungu mangapi kama hayo. Ni matano. Basi zidisha: sarafu 20, 15 na 10.

Nguvu ya njia hii ni kwamba mtu hawezi kuianza bila kutenganisha idadi na thamani. Ili afike kwenye 90 ni lazima azidishe kila kundi kwa shilingi zake, na akishafanya hivyo amekwisha kulivuka shimo alilotumbukia mtoto wetu. Inafanyika kwa sarafu halisi, kwa vipande vya katoni, hata kwa mchoro wa vibao kama ule ambao shule za Singapore zimeufanya maarufu duniani tangu miaka ya 1980. Udhaifu wake ni mwendo. Darasa kubwa la shule ya umma linahitaji vifaa na muda, na mwalimu mwenye mada kumi zinazomsubiri ana sababu ya kuruka hatua. Tena fungu linakuwa zito pale swali linapokuwa na mabadiliko ndani yake, kama tutakavyoona.

Njia ya pili ni ya x. Sarafu ziwe 4x, 3x na 2x. Thamani yake ni 20x + 30x + 40x, ambayo ni 90x. Kwa kuwa 90x ni 450, x ni 5. Wanaoipenda wanasema inaokoa muda, inakubali nambari yoyote, na ndiyo itakayomfaa mwanafunzi hadi Kidato cha Nne, ambapo mtihani wa KCSE hutoa alama za njia hata kama jibu la mwisho limeteleza. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo x ina mitego miwili. Wengi hupata x = 5, wakaizungushia duara na kuondoka, kana kwamba swali lilitaka x. Wengine huanza kwa kuita x idadi ya sarafu za shilingi 5. Wakifanya hivyo za 10 zinakuwa robo tatu ya x, za 20 nusu ya x, na mlinganyo unajaa sehemu: 22.5x = 450. Jibu litakuja, x itakuwa 20, ila njiani wengi wataanguka.

Ajabu ni kwamba x ya njia hii ndiyo fungu la njia ya kwanza. Ile 5 ni idadi ya mafungu, na ile 90 ni thamani ya fungu moja. Mwalimu anayesema "x ni idadi ya mafungu" amefundisha njia mbili kwa pumzi moja. Anayesema "tuseme x" bila kueleza x ni nini, amempa mwanafunzi chombo kisicho na mpini. Vita kati ya wazazi wa x na watoto wa mafungu, kwa hiyo, ni vita vya ndugu.

Njia ya tatu ni kujaribu jibu na kulirudisha kwenye swali. Katika mtihani wa kuchagua inafanya kazi vizuri mno: ukiambiwa sarafu za shilingi 20 ni 10, basi za 10 ni 15 na za 5 ni 20, jumla 450, imekubali. Walimu wengi huiona ni ujanja wa mtihani. Mimi naiona ni ukaguzi mzuri uliopewa kazi isiyo yake. Kama njia ya kutafuta, inachosha na haifundishi kitu nambari zikiwa kubwa. Kama njia ya kuhakikisha, hakuna inayoishinda, kwa sharti kwamba mwanafunzi anarudisha jibu kwenye masharti yote mawili. Kumbuka mtoto wetu naye alipata Sh450. Angeuliza pia kama 40, 15 na 5 ziko kwa uwiano wa 4:3:2, angegundua kwamba ziko kwa 8:3:1.

Ya nne ndiyo kongwe, na ndiyo hatari: sehemu ya jumla, pamoja na binamu yake wa kuzidisha msalaba. Nne kwa tisa ya 450, tatu kwa tisa ya 450, na kadhalika. Kanuni hii ya nambari tatu zinazotafuta ya nne ilikuwa ikifundishwa India tangu zama za Aryabhata, aliyeandika kitabu chake mwaka 499, na hesabu za Kihindi zilifika kwa wafanyabiashara wa Italia kupitia Waarabu. Leonardo wa Pisa alizieneza katika kitabu cha 1202, akiwa amejifunza mambo mengi Afrika Kaskazini. Haikudumu miaka yote hiyo kwa bahati. Ni nyepesi na haina maneno mengi. Lakini wepesi huo ndio mtego, kwa maana kanuni haiulizi kama ile jumla na ule uwiano ni vya kitu kimoja. Ukiilisha jumla ya shilingi na uwiano wa sarafu, itakutemea jibu lenye sura nzuri bila kulalamika.

Pesa zikivunjwa

Mjadala unakuwa mkali zaidi pale swali linapoingiza kubadilisha pesa. Chukua hili. Kasha lina sarafu za shilingi 10 na 20 kwa uwiano wa 5:3 kwa idadi. Sarafu 4 za shilingi 20 zinatolewa na kuvunjwa kuwa za 10, zinarudishwa, na uwiano unakuwa 12:5. Kasha lina pesa ngapi?

Wa x watasema: za 10 zilikuwa 5x, za 20 zilikuwa 3x. Sarafu nne za 20 zimetoka, sarafu nane za 10 zimeingia. Kwa hiyo 5x + 8 kwa 3x − 4 ni sawa na 12 kwa 5. Zidisha msalaba: 25x + 40 = 36x − 48, hivyo 11x = 88, na x ni 8. Kasha lilikuwa na sarafu 40 za shilingi 10 na 24 za shilingi 20, jumla Sh880. Ni njia safi. Kosa la kawaida hapa ni kuandika 5x + 4, kwa kudhani kila sarafu inayotoka inaleta moja. Hilo ni kosa letu la mwanzo limevaa nguo nyingine: idadi imechukuliwa kuwa thamani.

Wa mafungu wana jibu zuri kuliko wanavyopewa sifa. Wanauliza: ni nini ambacho hakikubadilika? Idadi ya sarafu imeongezeka, uwiano umegeuka, ila pesa ni zilezile. Fungu la mwanzo lilikuwa na thamani ya 50 + 60, yaani Sh110. Fungu la baadaye lina 120 + 100, yaani Sh220. Pesa zikiwa zilezile, mafungu ya mwanzo lazima yawe maradufu ya mafungu ya baadaye. Basi hapo mwanzo, kwa kila fungu moja la baadaye kulikuwa na sarafu 10 za shilingi 10, na sasa kuna 12. Zimeongezeka 2 kwa kila fungu, na zote zilizoongezeka ni 8. Mafungu ni 4. Nne mara 220 ni 880.

Njia ya x ni fupi mkononi na ndefu kichwani kwa asiyeizoea. Ya fungu ni kinyume chake. Faida ya njia ya fungu ni kwamba inafundisha jambo litakalotumika mbali na sarafu: kutafuta kisichobadilika na kukishikilia. Hasara yake ni kwamba si kila swali lina nambari laini kama hizi. Fungu la mwanzo likiwa na thamani ya Sh70 na la baadaye Sh90, mwanafunzi wa Gredi ya Sita atahangaika, na x itamwokoa.

Kwenye dirisha la foreksi

Kutoka sarafu hadi dola ni hatua fupi, na katikati ya jiji hatua hiyo inaonekana kwa macho. Maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, wakati udhibiti wa fedha za kigeni ulipoondolewa, na leo ubao wa viwango ni kitu cha kawaida ndani ya maduka makubwa ya Westlands na kwenye barabara za katikati ya jiji. Ubao huo una safu mbili, na swali la KCSE la aina hii huwa nazo zote mbili kwa makusudi.

Tuseme duka linanunua dola kwa Sh128 na kuiuza kwa Sh131. Mgeni anabadilisha dola 500, anatumia Sh37,800, kisha anageuza zilizobaki kuwa dola. Anapata ngapi? Dola 500 zinampa Sh64,000. Zinabaki Sh26,200. Sasa yeye ndiye anayenunua dola, kwa hiyo ni 131: anapata dola 200 kamili. Anayetumia 128 mwanzo hadi mwisho atapata takriban dola 204.69. Anayezigeuza safu hizo, akasoma ubao kwa macho ya mteja badala ya mwenye duka, atapata dola 216.41 na kumfanya mgeni tajiri kidogo kwa makosa.

Hapa kanuni ya msalaba inakwama kwa sababu nyingine: inataka uwiano mmoja, na dirishani uwiano ni mbili. Dola 100 zikienda na kurudi siku hiyohiyo bila kutumika zinarudi 97.71. Tofauti hiyo ndiyo mapato ya duka, na pia kinga yake dhidi ya bei kuyumba kabla halijaziuza. Dawa ya darasani ni rahisi kuitaja: mwanafunzi aandike kila mara ni nani anayenunua nini. Baada ya hapo ajiulize kama idadi inapaswa kukua au kupungua. Dola moja ina thamani kubwa kuliko shilingi moja, kwa hiyo shilingi lazima ziwe nyingi. Shilingi ya Kenya ina thamani kubwa kuliko ya Uganda, kwa hiyo akivuka Busia idadi itapanda. Ni ile sheria ya 4:2:1 ya kibandani, imevuka mpaka.

Nusu na theluthi

Anayedhani haya ni mambo ya daftari tu aangalie yaliyotokea Nairobi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Koloni lilitumia rupia, na rupia 15 zilikuwa pauni moja. Yaani rupia moja ilikuwa peni 16 za Uingereza. Mwaka 1920 serikali iliifunga rupia kwenye peni 24, ikaleta florini ya thamani hiyo, na mwaka uliofuata shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake, mbili kwa florini moja. Sasa pauni ilikuwa rupia 10 badala ya 15. Aliyekuwa na deni la rupia 150 alikuwa anadaiwa pauni 10 na akajikuta anadaiwa pauni 15. Deni lilipanda kwa nusu bila yeye kukopa tena. Wakopeshaji walifurahi. Walowezi wenye mikopo, ambao mazao yao yaliuzwa ng'ambo kwa pauni, walilia, na mdororo wa bei ya mazao ukawakuta palepale.

Mwaka 1921 walowezi waliamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Kwa nini theluthi? Sababu zilikuwa kadhaa, mdororo ukiwa mmojawapo, lakini angalia hesabu. Kilichopanda kwa nusu kutoka 16 hadi 24 hurudi 16 kikikatwa theluthi. Kwa mwajiri aliyehesabu kwa pauni, makato hayo yaliweza kusemwa kuwa ni kurudisha tu mambo yalipokuwa. Mfanyakazi hakulipwa wala kutozwa kodi kwa pauni. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilikuwa imepandishwa, na hata ingebaki palepale, mshahara ukishuka hadi theluthi mbili, uzito wa kodi juu yake hupanda kwa nusu. Hasira juu ya makato na kodi hizo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi. Alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye umati uliotaka aachiliwe ulimiminiwa risasi nje ya kituo cha polisi kilichoko karibu na hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo ina jina la Thuku.

Nusu kwenda juu na theluthi kurudi chini ni umbali uleule. Msingi wa kuhesabia ndio uliobadilika. Mwaka 2024 mkanganyiko huo ulirudi kwa upole zaidi. Dola ilishuka kutoka karibu Sh160 mwezi Januari hadi karibu Sh129 baadaye mwaka huo. Je, shilingi iliimarika kwa asilimia ngapi? Ukigawa 31 kwa 160 unapata takriban 19, na hiyo ndiyo hasara ya dola. Ukigawa 31 kwa 129 unapata 24, na hiyo ndiyo faida ya shilingi. Watu wawili wanaweza kugombana usiku kucha juu ya asilimia hizo na wote wakawa sahihi, kila mmoja kwa msingi wake.

Pale uwiano usipofaa

Lipo kosa jingine ambalo wapenzi wa uwiano hulifanya: kuuingiza kila mahali. Ndani ya matatu ya 46 kuelekea Kawangware, nauli tuseme ni Sh80. Abiria mmoja anatoa noti ya 200, wa pembeni yake noti ya 100. Kondakta hana chenji ya kutosha mkononi. Baadaye anampa wa kwanza Sh140 na kumwambia agawane na mwenzake. Walilipa kwa uwiano wa 2:1. Nauli ni 1:1. Chenji yao ni 120 na 20, yaani 6:1. Ukitoa kiasi sawa pande zote mbili, uwiano haubaki ulivyokuwa, na anayegawa Sh140 kwa 2:1 amemnyima mtu pesa zake. Abiria hawafanyi kosa hilo, maana kila mmoja anakumbuka anadai ngapi. Wanaolifanya ni watahiniwa.

Kupima hoja

Tukiweka yote kwenye mizani, hoja ya kuanza na fungu katika shule ya msingi ni nzito kuliko nyingine, na hasa kwa shule ambazo watoto wake hawashiki sarafu tena. Gharama yake ni muda na vifaa. Lakini sarafu tisa halisi za fungu letu ni Sh90, na katoni haina bei. Njia ya x ije katika sekondari ya msingi, ikiletwa kama jina la fungu na si kama mgeni. Kujaribu jibu kubaki kuwa ukaguzi wa lazima, kwa masharti yote ya swali. Kuzidisha msalaba kuje mwisho, kwa mwanafunzi ambaye tayari anaweza kusema kilicho juu na kilicho chini ni nini. Wanaotaka mpangilio huu ugeuzwe kwa ajili ya kasi ya mtihani wana hoja, ila ni hoja ya mtihani ambao haupo tena.

Lawama nyingine ni ya watunzi wa maswali. Sentensi isemayo "pesa zimo kwa uwiano wa 4:3:2" inaweza kusomwa kwa njia mbili, na mtoto anayechagua ile ya thamani hana kosa. Hata swali lililoandikwa vizuri linaweza kupima ovyo. Katika mfuko wetu wa Sh450, ukiuliza idadi ya sarafu za shilingi 10 pekee, aliyepatia na aliyekosea wote watajibu 15, kwa sababu wastani wa thamani ya sarafu za fungu hilo ni Sh10 barabara. Alama itatolewa kwa kosa, na mwalimu hatajua.

Kwa hiyo ombi ni kwa walimu, waandishi wa vitabu vya kiada na Baraza la Mitihani: kila swali la sarafu litaje waziwazi kama uwiano ni wa idadi au wa thamani, na kabla halijachapishwa lijaribiwe kwa njia potofu pia. Njia hiyo ikitoa jibu sawa na la njia sahihi, swali libadilishwe.